Imamu Ghazali: Yatima aliyeingia chuoni kwa ajili ya posho

 

Ndugu Waislamu, kila unapokaribia msimu wa mitihani ya kidato cha sita, ahadi huanza kusikika katika nyumba nyingi. Baba humwahidi mwanawe fedha akipata daraja la kwanza, mjomba huahidi simu, na shangazi huahidi safari. Wala jambo hili si letu peke yetu. Huko Marekani, katika jimbo la Texas, katika miaka ya 1990 ilianzishwa programu ya kuwalipa fedha taslimu wanafunzi wa sekondari waliofaulu mitihani ya masomo ya ngazi ya juu, kuanzia dola 100 hadi 500 kwa kila mtihani, na walimu wao nao wakapewa fungu. Wapo waliolisifu jambo hilo kwa kuwa liliwavuta watoto wa mitaa maskini kwenye masomo waliyokuwa wakiyaogopa. Wapo pia waliolaumu, wakiona kwamba elimu imegeuzwa kuwa bidhaa ya sokoni.

Kwa familia ya Kiislamu swali hili lina uzito zaidi, kwa sababu sisi tumefundishwa kuwa amali huzingatiwa kwa nia, kama ilivyo katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Sayyidna Umar (RA). Na katika Sahihi Muslim imo hadithi ya kutisha inayomtaja mtu aliyejifunza elimu ili aitwe mwanachuoni, naye akawa miongoni mwa watu wa mwanzo kuhukumiwa adhabu Siku ya Kiyama. Basi mzazi afanye nini? Aache kumpa mwanawe chochote, kwa kuchelea kumharibia nia? Au ampe, kisha amwachie Mola?

Leo tutazame maisha ya mtu ambaye swali hili lilimkuta angali mtoto, kisha likamrudia alipokuwa amefika kileleni, likamfunga ulimi wake mbele ya wanafunzi wake. Naye si mwingine bali ni Hujjatul Islam, Imamu Abu Hamid Muhammad bin Muhammad Al-Ghazali, ambaye kitabu chake cha Ihyaa Ulumid Din kimesomwa kwa heshima kubwa na maulamaa wa Kishafii, wakiwemo wa mwambao wetu.

Imamu Ghazali alizaliwa mwaka 450 Hijria, sawa na 1058 Miladia, katika mji wa Tus, nchi ya Khurasan, ambayo sehemu yake hiyo leo imo Iran, karibu na mji wa Mashhad. Baba yake alikuwa maskini mwenye kula jasho lake. Alisokota nyuzi za sufi, yaani manyoya ya kondoo, na kuziuza katika duka lake. Hakuwa msomi, bali alipenda mno kukaa katika vikao vya wanazuoni, akiwahudumia kwa kile kidogo alichojaaliwa, na alikuwa akilia na kumwomba Mwenyezi Mungu amruzuku mtoto atakayekuwa mjuzi wa dini.

Alipohisi kuwa ajali yake imekaribia, aliwakabidhi wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mmoja mcha Mungu wa njia ya Kisufi. Alimweleza majuto yake makubwa ya kutojifunza kuandika, akamuusia awafundishe watoto hao yale yaliyompita yeye, hata kama mali yote aliyoiacha itakwisha katika kazi hiyo. Tuliangalie hili vizuri. Mzee huyu hakuwaachia wanawe duka. Aliwaachia karo.

Lakini mali ya msokota nyuzi ni chache, na haikuchukua muda ikamalizika. Yule rafiki naye alikuwa fukara asiye na akiba. Akawaita watoto wale akawaambia ukweli ulivyo, kwamba fedha ya baba yao imekwisha na yeye hana cha kuwalisha. Njia iliyobaki, kwa maoni yake, ilikuwa waende wakajiandikishe madrasa kama watafuta elimu, kwa sababu huko wanafunzi walipewa chakula na posho ya kujikimu. Nao wakafanya hivyo.

Hivyo ndivyo alivyoingia katika elimu mtu ambaye Umma wote ulikuja kumwita Hoja ya Uislamu. Aliingia akifuata mkate. Na yeye mwenyewe hakuona aibu kulisimulia jambo hilo ukubwani mwake. Alikuwa akieleza kwamba yeye na nduguye waliitafuta elimu kwa sababu isiyokuwa Mwenyezi Mungu, ila elimu yenyewe ndiyo iliyokataa kuwa ya mwingine asiyekuwa Yeye.

Ili kuelewa posho hiyo ilikuwa kitu gani, hatuna budi kumtaja mtu mwingine wa eneo hilo hilo la Tus, naye ni Nizamul Mulk, waziri mkuu wa masultani wa Kiseljuki, Alp Arslan na mwanawe Malik Shah. Waziri huyu, katika takriban miaka 30 ya madaraka yake, alijenga vyuo vilivyoitwa Nizamiyya katika miji ya Baghdad, Nishapur, Balkh, Herat, Isfahan na mingineyo. Kabla yake zilikuwapo madrasa, na zilikuwapo pia sadaka kwa wanafunzi. Kilichokuwa kikubwa kwake ni kiwango na mpango. Aliweka waqfu wa maduka na mashamba ili mapato yake yawalipe walimu mishahara na kuwapa wanafunzi mahali pa kulala, chakula na fedha ya matumizi. Inasimuliwa kwamba Sultani aliwahi kulalamika kuwa mali inayotumika kwa watu hawa ingetosha kuandaa jeshi kubwa, na waziri akamjibu kwamba yeye naye anaandaa jeshi, ila silaha zake ni dua za usiku.

Si maulamaa wote waliofurahi. Imepokewa kuwa habari za kujengwa Nizamiyya ya Baghdad zilipowafikia wanazuoni wa nchi za ng'ambo ya mto Jayhun, walikaa matanga ya kuiombolezea elimu. Hoja yao ilikuwa kwamba elimu ilikuwa ikitafutwa na watu wenye hima na nafsi safi, wanaoitaka kwa utukufu wake, na sasa kwa kuwa imewekewa ujira itakimbiliwa na kila mwenye tamaa. Hata siku ya ufunguzi, katika mwezi wa Dhul Qaada mwaka 459 Hijria (1067), watu walikusanyika wakamsubiri Sheikh Abu Is-haq Ash-Shirazi, mwandishi wa Al-Muhadhdhab, ambaye chuo kilijengwa kwa ajili yake, naye asitokee. Njiani alikutana na kijana aliyemuuliza vipi atasomesha mahali palipojengwa kwa vitu vilivyoporwa, akarudi akajificha. Ikabidi Ibnus Sabbagh asomeshe kwa siku 20 hivi, hadi Sheikh aliposihiwa akakubali. Na hata baada ya kukubali, inasemekana kuwa wakati wa sala ulipoingia alitoka akaenda kusali katika msikiti mwingine.

Kwa hiyo mjadala tunaoufanya leo kuhusu fedha na masomo una umri wa karibu miaka elfu moja, na waliouanza walikuwa wakubwa kuliko sisi.

Kijana Ghazali aliendelea. Alisoma Tus, kisha akaenda Jurjan, na katika kurudi kwake ikatokea kisa mashuhuri cha majambazi. Waliuvamia msafara wakachukua kila kitu, pamoja na mfuko uliokuwa na daftari zake za masomo. Aliwafuata akimwomba mkuu wao amrudishie karatasi tu, kwa kuwa ndimo ilimokuwa elimu yake yote. Jambazi yule alicheka, akashangaa vipi mtu adai kuwa anaijua elimu ambayo mtu akimnyang'anya daftari hubaki hana kitu, kisha akaamuru arudishiwe. Ghazali alilichukua neno lile kuwa ni onyo kutoka kwa Allah. Alipofika Tus alikaa miaka mitatu akihifadhi kila alichokuwa amekiandika.

Baadaye alikwenda Nishapur kusoma kwa Imamul Haramain Al-Juwayni katika Nizamiyya ya mji huo, naye akawa nyota miongoni mwa wanafunzi wake. Mwalimu huyo alipofariki mwaka 478 (1085), Ghazali aliingia katika kambi ya Nizamul Mulk, ambako wanazuoni walishindana kwa mijadala mbele ya waziri, akawashinda. Mwaka 484 (1091), akiwa na umri wa miaka 34 kwa hesabu ya Hijria, akateuliwa kuwa mwalimu wa Nizamiyya ya Baghdad, cheo ambacho wazee wenye ndevu nyeupe walikitamani. Wanafunzi 300 walihudhuria darasa zake. Yule yatima aliyefuata posho sasa ndiye aliyekaa juu ya kiti, na posho za wengine zilitolewa katika chuo alichokiongoza.

Mmoja wa watu wa Baghdad waliomshuhudia alisimulia kwamba siku Ghazali alipoingia mjini walizikadiria nguo zake na mnyama aliyempanda, wakaona thamani yake yafikia dinari 500.

Mwaka uliofuata, katika mwezi wa Ramadhani 485 (Oktoba 1092), Nizamul Mulk aliuawa safarini karibu na Nahavand na mtu aliyemjia kwa sura ya mwenye shida. Baada ya wiki chache Sultani Malik Shah naye akafariki, na dola ikaingia katika vita vya warithi. Ghazali alibaki katika kiti chake, akiandika vitabu na kutoa fatwa. Lakini ndani ya nafsi yake kulikuwa na jambo lililokuwa likimtafuna.

Habari zake twazipata katika kitabu alichokiandika mwenyewe mwishoni mwa uhai wake, Al-Munqidh minadh Dhalal. Humo anaeleza kwamba aliikagua nia yake katika kusomesha, kazi ambayo ndiyo iliyokuwa bora kuliko kazi zake zote, akaikuta si safi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Kilichokuwa kikimsukuma ni kutaka jaha na kuenea kwa sifa yake. Tangu mwezi wa Rajab mwaka 488 (Julai 1095) alikaa karibu miezi sita akivutana na nafsi yake: asubuhi anaazimia kuondoka Baghdad, jioni azma inavunjika. Mwishowe Allah akaufunga ulimi wake. Alijilazimisha kusomesha walau siku moja kuzifurahisha nyoyo za wanafunzi, na neno halikutoka. Chakula kikawa hakimezeki, kinywaji hakishuki, mwili ukadhoofika, na matabibu wakakata tamaa kwa kuona kwamba maradhi yamo moyoni.

Wazazi wa Kiislamu wapatulie hapa kidogo. Kilichomwangusha Imamu kitandani hakikuwa ile posho ya utotoni. Posho ilimlisha, ikamweka kwenye mkeka wa darasa, na elimu ikafanya kazi yake ndani yake taratibu. Kilichokaribia kumwangamiza ni tuzo iliyokuja baadaye: cheo, kushangiliwa na watu, kutajwa kuwa wa kwanza. Tunavyoona sisi, zipo fedha za namna mbili, nazo mara nyingi huchanganywa. Ipo fedha inayomwondolea mwanafunzi njaa, nauli na ada ili aweze kusoma, na hii ndiyo iliyokuwa fedha ya madrasa, kwani Nizamiyya haikuwa na mitihani ya kulipia alama. Mwanafunzi alilishwa kwa kuwa anasoma, na alipohitimu kitabu alipewa ijaza na mwalimu wake. Na ipo fedha inayopangiwa alama, inayomwambia kijana kuwa alama ikishuka na mapenzi ya baba yanashuka. Ya kwanza humsaidia maskini, na mtoto wa tajiri huenda asiihisi kabisa. Ya pili humzoesha mtoto kuuliza malipo kabla ya kufungua kitabu. Hatusemi kuwa ni haramu. Zawadi ni jambo jema, na kumfurahisha mtoto ni katika wema. Ila nani miongoni mwetu hajaona kijana aliyeachana na kitabu siku ile ile alipokabidhiwa simu yake?

Turejee kwa Imamu. Aliondoka Baghdad mwezi wa Dhul Qaada 488 (Novemba 1095), akiwaonesha watu kuwa anakwenda Makka, huku moyoni amekusudia Sham, kwa kuchelea khalifa na marafiki wasije wakamzuia. Nafasi yake chuoni ikashikwa na ndugu yake Ahmad, yule yule waliyeingia naye madrasa utotoni. Aliigawa mali yake yote, hakubakisha ila kiasi cha kumtosha yeye na chakula cha watoto wake. Na katika hicho alichobakisha alitoa hoja ya kifiqhi: mali ya ardhi ya Iraq imewekwa kwa maslahi ya Waislamu kwa kuwa ni waqfu juu yao, na hakuona duniani mali ambayo mwanachuoni anaweza kuichukua kwa ajili ya watoto wake iliyo bora kuliko hiyo. Mtu yule yule aliyekimbia jaha hakuikimbia ruzuku ya halali ya wanawe.

Huko Damascus alijifungia katika mnara wa Msikiti wa Bani Umayya. Akaenda Baitul Maqdis, kisha mji wa Al-Khalil. Hapo penye kaburi la Nabii Ibrahim (AS), mwaka 489 (1096), aliweka ahadi tatu: kutopokea mali ya sultani yeyote, kutokwenda kumsalimia sultani, na kutoingia katika mijadala ya kushindana. Mwaka huo akahiji.

Ni katika miaka hiyo ya kujitenga alipoiandika Ihyaa. Mtu angetarajia kwamba aliyekula kiapo cha namna hiyo angewakataza na wanafunzi posho. Lakini katika mlango wa halali na haramu wa kitabu hicho, anapozungumzia mali ya maslahi ya umma, anawataja wanaostahiki kulipwa humo: wanazuoni wa fiqhi, hadithi, tafsiri na kisomo cha Qur'ani, walimu, waadhini, na pia matabibu, askari na makarani wa hesabu. Kisha anawaongeza wanafunzi wa elimu hizo, kwa sababu iliyo wazi kabisa, kwamba wasipotoshelezwa mahitaji yao hawataweza kuitafuta elimu. Wala hakushurutisha kuwa mpokeaji awe fukara. Anayehudumia maslahi ya Waislamu hupewa hata kama anacho, na kiasi huachiwa busara ya kiongozi. Ukali wake aliuelekeza kwingine: kwenye mali iliyopatikana kwa dhuluma, na kwa mwalimu anayeitafuta dunia kwa ufundishaji wake, ambaye anamtaka afuate nyayo za Mtume (SAW) asiyeomba ujira kwa kazi yake.

Na katika risala yake fupi ya Ayyuhal Walad, aliyomwandikia mwanafunzi wake mmoja aliyekwisha kusoma miaka mingi, anamkumbusha usiku alioukesha akirudia masomo na kujinyima usingizi, kisha anamuuliza ni nini kilichokuwa kikimkesesha. Ikiwa ni mali ya dunia, vyeo na kujifaharisha mbele ya wenzake, basi anamhurumia. Ikiwa ni kuihuisha sheria ya Mtume (SAW) na kuivunja nafsi yake, anampongeza. Mtahiniwa wa kidato cha sita anayekesha na taa yake angeweza kudhani risala hiyo imeandikwa kwa ajili yake.

Baada ya takriban miaka 11 ya kujitenga, Fakhrul Mulk, mtoto wa Nizamul Mulk, ambaye sasa alikuwa waziri, alimsihi arudi kusomesha. Mwaka 499 (1106) akarudi kwenye Nizamiyya ya Nishapur. Wapo waliomsema kwamba amevunja msimamo wake. Yeye alieleza kwamba zamani alieneza elimu inayomtafutia mtu jaha, na sasa anaeneza ile inayomfundisha kuiacha. Hakukaa sana huko. Alirudi Tus, akajenga madrasa na nyumba ya wafuasi wa njia ya Kisufi karibu na kwake, akaugawa wakati wake kati ya kuhitimisha Qur'ani, kukaa na watu wa ibada, na kuwasomesha wanafunzi. Yule mtu wa Baghdad aliyekadiria mavazi yake siku za utukufu alimwona tena baada ya kuipa dunia kisogo, akayakadiria kwa mara ya pili. Thamani ilikuwa kirati 15, pungufu ya dinari moja.

Mwaka 504 (1110) ilimjia barua ya kumwita arejee kwenye kiti cha Nizamiyya ya Baghdad. Alikataa. Miongoni mwa udhuru alioutoa ni ahadi yake ya Al-Khalil, familia yake, na kwamba alikuwa na wanafunzi wapatao 150 wa pale Tus ambao wasingeweza kumudu kumfuata hadi Baghdad. Yaani aliyewahi kukosa chakula cha mwanafunzi alikataa kiti kikubwa kuliko vyote, na katika sababu zake akaihesabu nauli ya wanafunzi wake.

Alifariki Jumatatu, mwezi 14 Jumadal Akhira mwaka 505, sawa na Desemba 1111. Ndugu yake Ahmad alisimulia kwamba asubuhi ile alitawadha akasali, akaomba aletewe sanda yake, akaibusu na kuiweka machoni, akatamka kuwa amesikia na kutii, kisha akanyoosha miguu yake kuelekea kibla. Kabla jua halijapanda alikuwa ameshafariki. Alizikwa hapo hapo Tus, mji wa baba yake. Hakuacha mtoto ila mabinti. Abdul Ghafir Al-Farisi, aliyemjua, ameandika kwamba alikuwa na kiasi cha mali, kwa urithi na kwa kuchuma, kilichomtosha yeye na watu wa nyumba yake, na kwamba aliletewa mali na watu akaikataa. Allah amrehemu, na awarehemu wazazi wake na yule fukara aliyewapeleka madrasa.